Mgeni Rasmi, Ukibeba Moja Umebeba Nane

Mgeni rasmi, uliye Mkurugenzi wetu wa Mafunzo ya Ufundi, Mkuu wa Kituo, Mwalimu wetu, Muuguzi Mkuu wa zahanati jirani, uliyeacha foleni ya wagonjwa ukaja kukaa nasi, Karani wa Stoo, na wewe dereva wa mgeni rasmi, uliyesimama mlangoni na kamba mkononi: tunawasalimu nyote kwa heshima. Dereva, tafadhali ingia ukae. Kama kuna kitu ambacho kituo hiki hakina upungufu nacho, ni viti.

KUKUKARIBISHA

Mgeni rasmi, waliosema mgeni njoo mwenyeji apone walikuwa wanatufahamu. Sisi wanafunzi wanane wa darasa la utengenezaji wa programu za kompyuta tumekungoja kwa hamu. Tangu juzi tumepiga deki mara tatu, tumesugua madirisha kwa magazeti na kuwahamisha popo waliokuwa darini. Popo hao walikuwepo hata ulipotutembelea mara ya kwanza, ila siku hiyo ulikuwa na haraka, hukuinua macho.

Risala hii inasomwa na Katibu wetu. Kwa kuwa sehemu kubwa inamhusu yeye, na kwa kuwa si adabu mtu kujieleza mwenyewe mbele ya mkubwa, tulikubaliana kikaoni kwamba humu ndani atatajwa kama mtu mwingine. Akiteleza akasema 'mimi', mgeni rasmi, msamehe.

Mkuu wa Kituo aliipitia risala jana akatushauri tufupishe sehemu ya changamoto ili tusikuchoshe. Tumetii. Kati ya changamoto kumi na nne tumebakiza moja tu.

TULIKOTOKA

Darasa letu lilianza miaka miwili iliyopita katika chumba hiki, ambacho kilikuwa stoo ya rangi. Harufu bado ipo, ila tumeizoea. Wewe mwenyewe, mgeni rasmi, ulikuja kulizindua. Ulileta kompyuta moja ya Windows, mpya, ndani ya boksi lake, yenye kumbukumbu ya giga kumi na sita. Ulipoiweka mezani ulisema, na tunanukuu kutoka daftari letu la kumbukumbu: "Hii ni mbegu tu. Mko wanane, na kila mmoja atapata yake. Saba zinafuata ndani ya wiki mbili." Tulipiga makofi hadi mikono ikauma.

Wiki mbili hizo, mgeni rasmi, bado zinaendelea.

Wanafunzi wenyewe ni watu wazima. Kuna aliyekuwa kinyozi, ambaye tunamwita Bingwa. Kuna dada wawili waliokuwa wanauza katika duka la vipuri, kuna mlinzi mstaafu, na wengine utawaona walipokaa. Katibu alikuwa fundi cherehani kwa miaka kumi na tisa. Alijiandikisha akiwa na miaka arobaini na mitatu, na wifi yake alimwuliza mbele ya watu, "Haya wifi, na wewe unakwenda kubofya nini huko?" Jibu alikuwa nalo, ila lilikuwa refu.

Jibu lenyewe ni mama mkwe wake, aliyekaa pale nyuma, kiti cha nane, mwenye mkoba mweusi mapajani. Mama huyu ana sukari. Faili lake la zahanati limepotea mara tatu, na kila mara alifunguliwa jipya, akaulizwa upya, "Mama, unaumwa nini?" Mara ya tatu alipewa dawa iliyokuwa imemvimbisha uso mwaka uliotangulia. Ilikuwa imekatazwa kwa wino mwekundu, lakini wino ulikuwa kwenye faili lililopotea. Alilazwa siku sita. Hatumlaumu Muuguzi Mkuu. Ana makabati mawili, panya wasio na idadi, na mikono miwili tu kama sisi wengine.

Katibu alikaa kando ya kitanda kile siku zote sita, na siku ya saba alikuja hapa kuomba nafasi. Alisema anataka kujifunza kutengeneza kitu kitakachokumbuka.

JINSI NANE ZILIVYOINGIA NDANI YA MOJA

Mgeni rasmi, kompyuta moja kwa watu wanane si kompyuta, ni kesi. Programu ya Bingwa ilitaka vifaa vya kuandikia programu vya toleo la zamani, ya Katibu ilitaka vya toleo jipya. Aliyefika kwanza asubuhi aling'oa vya mwenzake akaweka vyake. Saa nne wanagombana, saa tano Mwalimu anaamua, saa sita kompyuta yenyewe imegoma. Siku moja Bingwa aliamua "kusafisha" na akasafisha kazi ya Katibu ya wiki mbili. Katibu alitoa sindano na uzi kwenye pochi, akaanza kushona kifungo cha blauzi ambacho hakikuwa kimekatika. Tuliogopa kuliko kama angepiga kelele.

Hapo Mwalimu alisimama. "Jamani, dawa yake ni kila mtu awe na kwake," alisema. Akatueleza habari za mashine pepe, yaani kompyuta isiyo na boksi wala waya, inayotengenezwa kwa programu na kuishi ndani ya kompyuta halisi. "Windows anabaki kuwa mwenye nyumba. Ninyi ni wapangaji. Kila mpangaji na chumba chake na ufunguo wake. Bingwa akitaka kuchoma chumba chake, achome. Moto hautoki mlangoni."

Bingwa aliuliza kwa nini mfano ni yeye. Mwalimu akaendelea na somo.

Sasa, Mwalimu wetu tunamwita Mwalimu Swichi, na hapa tunaomba radhi kwake. Umwendee na tatizo lolote, hata la kichwa kuuma, atakuuliza kwanza, "Umewasha swichi?" Aliweka programu ya kuendeshea mashine pepe, ikaingia vizuri. Lakini kila alipotaka kuwasha mashine ya kwanza, yalikuja maandishi mekundu na mashine ikafa kabla haijazaliwa. Aliitoa programu akairudisha. Aliwasha na kuzima Windows mara ishirini. Alipiga simu kwa wenzake watatu, wakampa majibu manne. Siku ya tatu alikuwa ameketi kichwa mikononi, jasho linamtiririka.

Kutoka nyuma Katibu alisema taratibu, "Mwalimu, samahani. Umewasha swichi?"

"Swichi gani tena, mama?"

"Haya maandishi mekundu yanasema uwezo wa kuendesha mashine pepe umezimwa. Kitu kikizimwa, si kina mahali pa kukiwashia?"

Mwalimu akaizima kompyuta, akaiwasha, na kabla Windows hajaamka akabonyeza kitufe fulani mfululizo. Ukatokea ukurasa wa bluu ambao hatukuwahi kuuona, na ndani yake, mstari wa sita, ilikuwepo ile swichi, imelala tangu kompyuta ilipotoka kiwandani. Akaiwasha. Mashine ya kwanza ikaamka kana kwamba haikuwahi kuwa na tatizo. Tangu siku hiyo Mwalimu hamwulizi mtu habari za swichi bila kwanza kuangalia Katibu amekaa wapi.

Ikabaki kugawana. Mwalimu, kwa furaha, akaipa kila mashine giga nne za kumbukumbu. Alipowasha ya tatu kompyuta iliganda, mshale ukasimama katikati ya skrini. Katibu akauliza, "Mwalimu, una kitambaa mita kumi na sita. Unakata magauni manane ya mita nne nne?" Akachukua chaki, akaandika ubaoni: giga moja na nusu kwa kila mpangaji, jumla kumi na mbili, giga nne za mwenye nyumba, maana naye lazima apumue. Mfumo endeshi wa kila mashine ukawa ule usio na mapambo, herufi nyeupe kwenye skrini nyeusi, kwa sababu urembo unakula kitambaa. Mashine ya kwanza waliitengeneza kwa utulivu siku nzima, wakaweka ndani yake kila kifaa cha kazi, halafu saba zilizobaki zikanakiliwa kutoka kwake.

Mmoja wetu hukaa kwenye kibodi. Saba wengine huingia kwenye mashine zao kwa simu, kupitia mtandao wa ndani unaorushwa na simu ya Mwalimu, tukiandika programu kwa vidole gumba. Ukimwona mhitimu wa darasa hili ana vidole gumba vinene, usimcheke.

Siku mashine zote nane zilipowaka kwa pamoja, skrini ilionyesha mistari minane, namba moja hadi nane, na kila mstari ukiwa na alama ya kijani kwamba mashine inafanya kazi. Katibu, ambaye yake ni namba tano, alilia. Alisema ni vumbi. Tulimwamini, kwa sababu vumbi lipo.

MAFANIKIO

Tangu siku hiyo ugomvi umekwisha. Kila mashine, kabla ya kazi ya siku, tunaihifadhia hali yake ilivyo, ili ikiharibika tuirudishe pale ilipokuwa. Bingwa ameiua mashine namba mbili mara kumi na moja, na mara zote kumi na moja imefufuka bila kumsumbua jirani. Dada zetu wa duka la vipuri wametengeneza programu ya kutafuta vipuri. Mlinzi mstaafu ametengeneza daftari la getini, ambalo limemwandika Mkuu wa Kituo kuwa amechelewa mara nyingi kuliko mtu yeyote, na sasa liko kwenye marekebisho.

Lakini fahari yetu ni mashine namba tano. Humo Katibu ametengeneza mfumo wa mafaili ya zahanati, na ameuita Faili la Mama. Unaandika jina au namba ya mgonjwa, na historia yake yote inakuja, na dawa iliyokatazwa inatokea juu kabisa, kwa rangi nyekundu, hata kama hukuiuliza. Kwa miezi minne sisi wote wanane tumekuwa tukienda zahanati kila alasiri, tukinakili mafaili mbele ya Muuguzi Mkuu. Tumeingiza elfu moja na mia mbili. La kwanza ni la mama wa kiti cha nane, aliyekubali mwenyewe, akisema amekwisha kuulizwa anaumwa nini mara za kutosha.

Kesho saa tatu asubuhi, mgeni rasmi, Muuguzi Mkuu anamleta daktari wa zahanati aje aujaribu mfumo huo hapa hapa. Ukifaulu, zahanati itauchukua, na Katibu atakuwa mtunzaji wake. Itakuwa ajira ya kwanza kutoka darasa hili. Wifi yake naye atakuwepo. Ameomba mwenyewe kuja kuona kinachobofywa.

CHANGAMOTO, AMBAYO NI MOJA

Mwezi wa tatu mwaka huu ofisi yako ilituletea fomu. Swali la nne liliuliza: "Idadi ya mashine zinazofanya kazi."

Mwalimu alisema, "Andika moja."

Katibu, aliyeshika kalamu, alisema, "Mwalimu, hawajauliza maboksi. Wameuliza mashine zinazofanya kazi. Hizo hapo kwenye skrini, nane, na zote zinafanya kazi. Nikiandika moja nitakuwa nimezikana saba."

"Mama, watu wa ofisini hawaelewi hivyo."

"Basi wataelewa. Kwani wao hawana kompyuta?"

Akaandika nane. Mgeni rasmi, tusikufiche, maana mficha maradhi kifo humuumbua. Hakuandika kwa hila. Aliandika kwa fahari. Kwa miaka miwili alikuwa akijaza fomu zenye sifuri na moja, na siku hiyo kwa mara ya kwanza alikuwa na kitu cha kuhesabu, kilichotengenezwa na watu anaowajua. Sehemu ya maelezo ilikuwa na nafasi ya maneno matatu. Aliandika: "Zote ziko salama."

Barua yetu ya kuomba viti ilikuwa imekaa ofisini kwako miezi ishirini bila jibu. Fomu hii ilijibiwa baada ya siku tisa. Ulitupongeza. Ulisema ahadi yako ya kompyuta nane sasa imetekelezwa kikamilifu, na kwamba kituo chetu kimeondolewa kwenye orodha ya vituo vinavyosubiri. Tulisoma barua ile mara mbili tukitafuta ni nani aliyetekeleza.

Kisha vitu vikaanza kumiminika. Vilikuja viti vinane. Zikaja meza nane. Vikaja vitambaa vinane vya kuzuia vumbi. Mwisho akaja Karani wa Stoo na stika nane za mali ya serikali, kila moja na namba yake. Alizunguka chumba, akaangalia chini ya meza, akauliza ziko wapi nyingine. Katibu akamweleza kwa nusu saa, akamwonyesha skrini na alama nane za kijani. Karani alisikiliza hadi mwisho kwa adabu kubwa, akasema, "Dada yangu, mimi nimetumwa kubandika. Sikutumwa kuhesabu, na stika hazirudishwi." Akazibandika zote nane kwenye boksi moja, mbili juu, mbili kila ubavu, mbili nyuma. Moja ya zile za nyuma iliziba tundu la hewa, tumeitoboa.

Hatumsemi vibaya. Ndiye mtu pekee wa ofisi yako aliyekubali maelezo yetu kwa vitendo.

Halafu ikaja barua ya wiki iliyopita. Imesema kuna kituo kipya ng'ambo ya mji ambacho hakina hata mashine moja, na kwa kuwa sisi tunazo nane, utakuja mwenyewe na gari kuchukua nne. Katibu aliposoma alikaa chini. Akasema, "Nimejikata kwa mkasi wangu mwenyewe." Tulimwambia si yeye peke yake, sote tulikuwepo na sote tulishangilia. Alijibu kwamba kalamu ilikuwa mkononi mwake.

Tulimwendea Mkuu wa Kituo tukamwomba akupigie simu. Alisema mkubwa haambiwi kwa simu kwamba amekosea. Akapata wazo. Jana jioni, kwa mikono yetu wenyewe, tuliweka maboksi matupu ya karatasi kwenye meza saba, tukayafunika vile vitambaa. Vilikuwa vinapwaya, kwa hiyo Katibu alivikunja pindo na kuvishona vikae vizuri. Mishono yake ni mizuri sana, mgeni rasmi. Ulipopita leo asubuhi ulivisifia.

Aya hiyo ya maboksi, na yote utakayosikia kuhusu meza ya dirishani, hayakuwemo risala ilipopitiwa. Yameandikwa kwa kalamu ubavuni mwa karatasi, wakati ulipokuwa ofisini ukisaini kitabu cha wageni.

Mgeni rasmi, ulipopita kati ya meza ulinyoosha kidole ukamwambia dereva, "Hii, hii, hii, na ile ya dirishani." Tatu za kwanza ni maboksi ya karatasi, na ndani yake hamna kitu, isipokuwa moja ambamo Bingwa amesahau kandambili zake. Ile ya dirishani ndiyo yenyewe. Umeichagua kati ya nane bila kufunua kitambaa, na tunakiri kwamba jicho la uongozi si la kawaida. Mkuu wa Kituo alitukonyeza tunyamaze. Katibu akatoa kalamu. Sasa umesikia, na Mkuu wa Kituo naye amesikia, na tunamwomba akae tu. Kiti kipo.

MAOMBI YETU

Kwanza, sisi si wachoyo. Tunajua kukaa bila hata mashine moja kulivyo, na wenzetu wa ng'ambo ya mji ni ndugu zetu. Uliagiza mashine nne, na nne ziko tayari. Tumezinakili usiku wa kuamkia juzi na jana, namba moja hadi nne, zimo kwenye hii diski ndogo ambayo Bingwa anakuletea sasa hivi kwa mikono miwili. Katibu ameishonea mfuko. Ndani yake mna kila kifaa cha kazi, tayari kwa kuanza kuandika programu siku hiyo hiyo. Mashine namba mbili tunaomba waiangalie kwa huruma, imefufuka mara kumi na moja. Kinachohitajika huko ziendako ni kompyuta moja tu ya kuzipokea, giga kumi na mbili zitatosha, na wakumbuke swichi ya ukurasa wa bluu. Ukiwapelekea na fomu, tafadhali waongezee nafasi ya maelezo.

Pili, utaratibu wa ofisi yako unasema idadi iliyokwisha kuandikwa haipunguzwi bila kikao. Hatuombi ipunguzwe. Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Sisi tunasubiri hilo la pili. Ukipenda kutuletea saba zilizobaki, hakuna hata karatasi moja ya kubadilisha, meza zipo, viti vipo, vitambaa vya vumbi vimeshapindwa. Stika tu ndizo tutalazimika kuzibandua.

Tatu, na hili ndilo lililotuleta mbele yako, hata kama mengine yote utayakataa. Kama ni lazima ile ya dirishani iondoke, iondoke kesho baada ya saa sita mchana. Nakala ya mashine namba tano tunayo. Lakini nakala bila kompyuta ni gauni lililokatwa bila cherehani. Daktari akija saa tatu atakuta vitambaa vinane na mwanamke mmoja akimweleza kwa mdomo mambo ambayo mfumo wake ungefanya. Amekwisha kueleza kwa mdomo mara moja, kwa nusu saa, na matokeo yake yamebandikwa pale. Faili la Mama halikutengenezwa lielezwe. Lilitengenezwa liulizwe, lijibu.

Kama ni mtu wa kuadhibiwa kwa ile nane, Mwalimu alisema moja. Sote tulimsikia. Aliyeandika nane ni Katibu, naye yuko tayari kuandika barua ya kujieleza, ukurasa wowote utakaoutaka, ila baada ya kesho.

KUKUAGA

Mgeni rasmi, ratiba inasema sasa utakata utepe wa kukabidhiwa mashine nne. Tunaomba kabla ya mkasi, usogee pale dirishani, uinue kitambaa kwa mkono wako, ubonyeze kitufe cha mbele. Subiri kidogo, mwenye nyumba anachelewa kuamka. Utaona mistari minane, na alama za kijani zikija moja moja, kama tulivyoziona sisi siku ile. Kwenye ya tano bofya, andika jina la mama aliyekaa kiti cha nane. Ataanza yeye kukutajia herufi. Anapenda kuulizwa jina. Ukiona maandishi mekundu juu kabisa, hiyo si hitilafu. Ndiyo sababu ya kazi yote.

Kitufe hicho hicho, ukikishikilia sekunde tano, zote nane zinazimika kwa pamoja. Leo mamlaka hayo unayo wewe, na sisi tuko kwenye viti ulivyotuletea, tunakutazama.

Mungu akupe afya, na siku ukiumwa akukutanishe na daktari anayelijua faili lako. Aibariki nyumba yako isiwe na wapangaji wagomvi. Azibariki wiki mbili zako zifike mwisho. Na akujalie safari njema ya kurudi, gari lako likiwa jepesi kama lilivyokuja.

Ni sisi wako watiifu,
Wanafunzi wa Darasa la Programu,
mashine namba moja hadi nane, kompyuta moja.

Imesomwa kwa niaba yao na Katibu, mpangaji wa namba tano.